Wastaafu mliorudi nyumbani: wajukuu mnawaita msimu gani, na mnawapikia nini?

BibiMuheza

Habari zenu wadau. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu nawasalimu wote.

Mie ni mwalimu mstaafu, nimerudi zangu Muheza, na naomba niseme mapema kabisa kwamba nafurahia, maana kuna watu ukiwaambia umerudi kijijini wanakupa pole kama umefiwa. Sitaki pole. Nyumba ipo, shamba dogo lipo, afya Mungu anajalia, asubuhi naamka sina kengele ya kuwahi, nachemsha chai ya iliki, iliki yenyewe inashuka kutoka huko juu Amani mbichi kabisa, ukiipasua jikoni harufu inafika mpaka barazani.

Sasa swali langu ni hili. Watoto wangu wako Dar, Dodoma na Mwanza, wameoa na kuolewa, na tangu nirudi huku wanakuja Desemba. Wote kwa mkupuo. Tiketi za basi wanazihangaikia mwezi mzima, wanafika wamechoka, joto kali, tunanunua kreti za soda, tunapika pilau, tunakaanga kuku, tunachinja mbuzi, watu wanakula wanasaza, siku chache mbele wameshaondoka. Nashukuru sana, simaanishi vingine. Ila wajukuu wanaondoka hawajaonja chakula cha kwetu hata kimoja, kwao wao kwa bibi ni pilau na soda na maembe, basi. Pilau si wanakula hata huko huko kwenye maharusi?

Mnaoijua Muheza mnajua utamu wa huku ni Juni. Masika imemaliza kazi yake, ardhi bado ina unyevu, machungwa yanaanza kuiva, kunde ziko mbichi, mahindi ya kuchoma yapo, kisamvu kichanga, majani ya maboga unachuma nyuma ya nyumba, halafu asubuhi kuna kibaridi kile cha kujitanda kanga mbili. Mie nikiwa mtoto huo ndio ulikuwa wakati wa kushiba. Na shule zinafungwa Juni hiyo hiyo!

Mwaka jana mjukuu wangu mmoja wa kike, ana miaka tisa, aliletwa Juni kwa sababu wazazi wake walikuwa na safari ya kikazi. Tulikuwa wawili tu. Nikamkalisha kwenye mbuzi akune nazi, hajawahi kuikalia maishani, kwao nazi inatoka kwenye boksi. Mwanzo alikuwa anakuna mpaka anaingia kwenye kifuu, chicha zinatoka na weusi, nikamwambia izungushe nazi taratibu, anzia ukingoni, ukiona rangi ya udongo hamia pembeni. Akashika. Tukakamua tui zito tukaliweka kando, la pili na la tatu tukachemshia kunde, na lile zito likaingia mwisho kabisa, yeye ndiye kashika upawa, anachota anamwaga anachota anamwaga lisikatike, jasho linamtoka na haachii. Bada, ule ugali wetu wa muhogo, hakuipenda, alisema inanuka, akala kunde zake kwa wali na mie sikumlazimisha. Lakini alivyorudi Dar alimwambia mama yake nazi za boksi hazina ladha, mama yake akanipigia kunisemea na anacheka.

Nikawa nawaza, kumbe hawa watoto tunawaonyesha sura moja tu ya nyumbani.

Kwahiyo naomba wenye uzoefu: kuna mtu amehamisha mkusanyiko wa familia kutoka Desemba kwenda Juni? Mliwaambiaje watoto wasidhani mama hataki Krismasi? Na hao watoto wa mjini waliozoea chipsi kuku mnawapikia nini wanakula kwa hiari yao?

Kihamba_Marangu

Dada yangu BibiMuheza, hongera kwa kustaafu salama. Nitakupinga kidogo, unisamehe.

Kwetu huku Desemba usiiguse. Mchaga popote alipo Desemba anapanda mlimani, na siyo kwa sababu ya nyama peke yake. Ndiyo wakati ndugu wa tumbo moja wanaonana, vipaimara vinafanyika, posa zinaongelewa, mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, inasawazishwa wazee wakiwepo, makaburi yanasafishwa. Watoto wa baba mkubwa na baba mdogo wanajuana Desemba. Ukimwambia kila mtu aje kwa wakati wake hao watoto watapishana barabarani miaka ishirini ijayo bila kusalimiana. Kwahiyo mimi nasema Desemba iache, ila ongeza Juni, usibadilishe.

Kuhusu chakula: mke wangu alitangulia mbele za haki, na mimi ndiye ninayepika nyumbani kwangu sasa hivi. Zamani kazi yangu ilikuwa kuchinja na kuchoma, sufuria zilikuwa zake. Sasa Juni na Julai huku Marangu kuna baridi ya kweli, ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, mlima huuoni wiki nzima, wajukuu wakija kipindi hicho hawatoki jikoni, wamejipanga kuzunguka moto kama vifaranga. Hapo ndipo mtori unapoleta maana. Desemba mtu akinywa mtori ni starehe tu, Julai ni dawa.

Mimi nachukua mchare, ndizi nyingine zinakubali lakini mchare ndio wenyewe, wajukuu wanamenya ndani ya beseni la maji, mikono tumeipaka mafuta ya kula ili utomvu usigande. Nyama ya mifupa inachemka peke yake kwanza, muda mrefu, usiharakishe, supu ikikolea ndipo ndizi zinaingia na kitunguu na karoti na nyanya kidogo. Zikilainika unatoa mifupa unaponda kwa mwiko mpaka inakuwa kama uji mzito usio na madonge. Chumvi mwisho. Wengine wanaweka maziwa au siagi, mke wangu alikuwa anaweka maziwa kijiko cha mwisho, na mimi naweka.

Mjukuu wangu wa kiume wa sekondari, huyu wa simu masaa yote, mwaka huu aliniuliza bibi alikuwa anapondaje, nikamwonyesha jinsi alivyokuwa anashika mwiko, kwa mikono miwili, sufuria ameibana kwa miguu. Sasa anaponda yeye. Nikwambie ukweli dada, najisikia vizuri sana siku hizo.

Nuru_Kinyerezi

Shikamoo bibi, shikamoo babu wa Marangu. Naomba niongee upande wa sisi watoto maana tunasingiziwa hatutaki kuja.

Bibi, likizo yetu ya mwaka ni siku 28, ndiyo sheria ya kazi inavyosema, na waajiri wengi hawakubali uimalize yote kwa mpigo. Ukichukua Desemba hubaki na kitu cha maana cha Juni. Halafu nauli ya familia ya watu watano kwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka ni mzigo, sisemi kwa kulalamika, ndiyo hesabu tunazopiga usiku watoto wakilala.

Sisi tulichofanya: Desemba tunakwenda wote kwa wiki moja tu. Juni shule zikifungwa watoto peke yao wanakwenda kwa bibi yao Korogwe, wanasindikizwa na shangazi yao ambaye ana likizo kipindi hicho, wanakaa karibu mwezi. Sisi wazazi tunabaki Dar tunafanya kazi. Mwanzo nilikuwa na wasiwasi, mwanangu wa mwisho alikuwa bado mdogo sana, lakini alirudi amenenepa na anajua kupepeta mchele kwa ungo vizuri kuliko mimi.

Na kitu kimoja naomba sana wenzangu wenye wazazi vijijini wanisikie: msiwapeleke watoto mikono mitupu. Mama mkwe wangu hakuwahi kusema kitu, lakini tulikuja kuona kiinua mgongo chake kilikuwa kinaishia kwenye kutulisha sisi kila sikukuu. Sasa hivi kabla watoto hawajaondoka tunatuma hela ya mboga, mchele, mafuta na gesi, tunamtumia mapema ili apange mwenyewe. Bibi BibiMuheza, kama watoto wako hawajawahi kulifikiria hilo waambie tu, hawatachukia. Mzazi akinyamaza sisi huku tunajua mambo yako sawa.

Kuhusu chipsi usigombane nao. Mama mkwe anawapeleka shambani kung'oa muhogo wenyewe, wanaumenya, wanaukata vipande virefu, anawakaangia, pembeni kachumbari na pilipili na ndimu. Hizo ni chipsi. Hakuna aliyeuliza kuku.

Mtu_wa_Wete

Asalaam alaykum nyote. Bi Muheza swali lako limenifurahisha kwa sababu sisi Pemba tumeshalitatua bila kukaa kikao, sikukuu zetu zinahama zenyewe.

Mwezi wa Ramadhani kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kwenye kalenda ya kizungu, kwahiyo ukiishi umri wa kutosha utafunga katika kila msimu. Mzunguko mzima ni kama miaka 33. Mwaka 2016 tulifunga Juni, kipupwe, kusi inavuma, usiku ubaridi, muhogo umejaa mashamba yote. Sasa tumeingia kwenye kaskazi, joto, na huko mbele 2030 inshaallah watakaojaaliwa watafunga mara mbili mwaka mmoja, Januari kisha tena mwisho wa Desemba, wakati wa maembe. Mama yangu yu hai, amevuka themanini, na yeye miaka anaihesabu kwa futari: mwaka fulani ulikuwa wa magimbi, mwaka fulani wa ndizi, mwaka fulani mvua zilikatika tukafutari viazi vya kununua. Kwake yeye wajukuu wakija Ramadhani wanakuta kilichopo, na kilichopo kila mara kina ladha nyengine.

Ila uji wa pilipili manga haukosekani msimu wowote, huo ndio wa kufungulia. Anakaa na kibao chake karibu na jiko anawaelekeza wajukuu: manga isagwe sasa hivi si ya jana, sukari kidogo, uji uwe mwepesi. Pensheni jamii ile ya wazee wa miaka 70, iliyoanza 2016, akiipokea cha kwanza ni kuagizia tende na unga wa ngano, nasi hatumkatazi kwa sababu anafurahi kuona futari imetoka mkononi mwake.

Kuna ndugu zetu wako Maskati. Hao wanakuja Julai na Agosti skuli zao zikifungwa, huko joto linapita digrii 40 hata kivulini hapakaliki, wanakimbilia kipupwe chetu. Samaki wakati huo wa shida kidogo kwa sababu ya kusi, vyombo vidogo havendi mbali, basi tunategemea pweza maji yakiwa bamvu, yaani yakipwa mbali, akina mama wanashuka miambani, pweza anapigwa kwanza mpaka alainike, anachemshwa kwa maji yake mwenyewe, ndipo tui. Na ikiwa karafuu zimetoka vizuri mwaka huo basi usiku nyumba nzima inakaa ukumbini kuchambua, wazee, watoto, wageni wa Maskati, kila mtu na fungu lake mbele yake, vidole vinaingia weusi, hadithi zinakwenda mpaka saa sita. Watoto wa mjini hawa wanaposhika karafuu mbichi na kuona kwamba ni ua ambalo halijafunguka, wanashangaa. Kazi kama hiyo inamfunga mtoto na jamaa zake kuliko karamu, kwa maoni yangu. Karamu analetewa, kazi anashiriki.

Kashai_Bk

Hapo kwenye misimu nyie watu wa mashariki mna bahati, vyakula vyenu vinasubiri. Sisi Bukoba senene, wale panzi wa kuliwa, hawasubiri likizo ya mtu. Wanashuka na mvua za Novemba, wengine Desemba mwanzoni, watoto wakifika Krismasi mara nyingi wimbi kubwa limeshapita. Nikiwa mdogo tulikuwa tunaamka alfajiri tunaokota kwenye majani yenye umande, siku hizi watu wanasimamisha mabati na taa kubwa wanawavuta usiku.

Nachofanya mimi na mke wangu, tunawanyonyoa mabawa na miguu, tunawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi, wengine tunawakausha vizuri tunawaweka kwenye makopo. Desemba watoto wanakuta kopo mezani. Lakini nakubaliana na mwenye mada, aliyeletewa kwenye kopo na aliyeamka akaokota hawawezi kuwa sawa. Mwaka huu shule zikiruhusu mapema nataka wajukuu wawili wadogo waje Novemba mwishoni, nimeshaongea na baba yao.

MuuguziMstaafu

Nimefurahi kusoma. Naongezea kidogo tu kama mtu niliyefanya kazi wodini miaka mingi, maana wengi tulio kwenye uzi huu tuna presha au sukari au vyote viwili.

Wazee wenzangu pikeni, ila msivute moshi. Jikoni kwa kuni bila dirisha mapafu yanaumia, na ya wajukuu pia. Kama kuna gesi itumieni kwa vinavyochemka muda mrefu, kuni ziacheni kwa kuchomea mahindi nje.

Chumvi kwa siku nzima mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabuni na vile vikolezo vya paketi, vina chumvi nyingi. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, hivyo weka utakavyo. Nazi siyo lazima kila siku na siyo lazima tui zito sufuria nzima.

Kisamvu ambacho BibiMuheza amekitaja wajukuu wasikichezee kibichi, kina sumu ya asili. Kitwangwe kikalainika kabisa, kichemke muda mrefu sufuria ikiwa wazi ndipo mtie nazi na karanga.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: umri ukienda kiu haiji kama zamani. Mwili unakuwa unahitaji maji na wewe husikii. Joto la Desemba na Januari wageni wamejaa, unazunguka jikoni tangu asubuhi, jioni kizunguzungu, watu wanasema presha imepanda kumbe hukunywa maji. Mpe mjukuu mmoja kazi ya kukuletea kikombe kila baada ya muda, watoto wanapenda kazi ya namna hiyo, wanaisimamia kama askari.

MamakeRiziki_Kilifi

Hamjambo wa Tanzania, salamu kutoka Kilifi. Bibi BibiMuheza mimi na wewe ni majirani tu, mpaka ndio umepita katikati lakini nazi ni ile ile.

Huku shule hufungwa Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Aprili mvua kubwa inaanza, njia zetu za udongo hazipitiki vizuri, kwahiyo mimi wajukuu nawataka Agosti. Desemba waende kwa ile nyanya yao nyingine Murang'a, tuligawana na mkwe mwenzangu kwa simu, hakukuwa na maneno. Na hilo nakushauri sana, pengine wakwe zako nao wanataka wajukuu Desemba na wanaona haya kusema. Mtoto ana bibi wawili jamani.

Agosti kusi bado inavuma, jua si kali, mahindi yameshakauka mengine lakini mbaazi mbichi ndio zinaanza. Wajukuu nawapa sinia kubwa tunakaa chini ya mkorosho tunaambua mbaazi na kuongea. Hapo ndipo nasikia mambo yote ambayo kwa simu hawaniambii, huyu kaonewa na mwalimu, yule ana rafiki mpya, mwingine anaogopa mtihani. Mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka. Ukimketisha mtoto kwenye kochi ukamuuliza vipi shule atakwambia poa, kwisha.

Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Mahamri nayakanda usiku kwa tui, hiliki, hamira na sukari, yanalala yameumuka, alfajiri wajukuu wakubwa wanasukuma na kukata, mimi niko kwenye karai. Hamri likivimba tu wanapiga kelele. Hakuna mtoto wa Nairobi ambaye amewahi kuniuliza sausage mbele ya karai la mahamri.

Kuhusu Krismasi, waambie hivi tu: Desemba njooni mnaoweza, Juni nileteeni watoto. Mtu hakasiriki kwa kuambiwa mama yake anataka wajukuu zaidi.

BibiMuheza

Jamani asanteni mno, nimesoma zote na nyingine nimemsomea jirani yangu kwa sauti.

Babu wa Marangu nimekuelewa. Hoja yako ya watoto wa baba mkubwa na baba mdogo nilikuwa sijaipima, na kweli kwetu Magila kanisani Krismasi ndiyo tunaonana ukoo mzima. Basi Desemba inabaki. Na pole sana kwa mama, nimefurahi kwamba mkono wake upo kwenye huo mwiko.

Nuru mwanangu umeniambia kitu ambacho wanangu hawajawahi kuniambia. Jana usiku nimeandika kwenye grupu la familia la wasapu kwamba Juni nataka wajukuu wenye kuanzia miaka saba, wazazi si lazima, na kila mmoja aangalie mchango wa chakula. Nilikuwa naona aibu kweli kuandika hiyo sentensi ya mwisho. Wa Mwanza kajibu kwanza, anasema kumbe mama unahitaji, mbona husemi, na ametuma ya gesi hapo hapo. Wa Dodoma ana wasiwasi na safari ya watoto peke yao, nitaongea na dada yangu aliyeko Dodoma kama anaweza kuja nao, na yeye amekumbuka kwao. Mkwe mwenzangu nitampigia Jumapili, kwa hili la bibi wawili mama wa Kilifi umenigusa.

Sitawakalisha wageni tena. Nitawapangia kazi: mmoja nazi, mmoja kunde, mmoja maji ya bibi kama muuguzi alivyosema, na wakubwa watatwanga kisamvu, mie mabega siku hizi hayakubali kinu. Machungwa watachuma wenyewe, nimeshamwambia mwenye shamba jirani aniachie miti miwili asiuze kwa madalali. Na bada nitapika, asiyetaka aache, lakini iwepo mezani waione.

Mama wa Kilifi nina swali: mbaazi mbichi huku kwangu zinachelewa, Juni nitakuwa na kavu tu. Kavu unazilowekea usiku au unachemsha moja kwa moja? Zangu huwa zinabaki na ugumu katikati hata nikichemsha mpaka maji yaishe mara mbili.

MamakeRiziki_Kilifi

Lowekea usiku kucha, asubuhi yale maji mwaga, chemsha kwa maji mapya na chumvi usitie kabisa mpaka zimeiva. Kama ni za zamani sana, za tangu mwaka juzi, hazitalainika vizuri hata ufanyeje, nunua za msimu uliopita. Zikipasuka ukibonyeza kwa kidole ndio tayari, tia tui jepesi na kitunguu na pilipili mbichi nzima isipasuke, zikauke kiasi, malizia na tui zito moto mdogo. Ukiweza bakisha za jioni, mbaazi zilizolala zina utamu wake.

Na hao wa Dodoma wasikose, ikibidi dada yako aende kuwafuata mlangoni.